Mabaki ya Vitambaa

Nilimpima Sikudhani Pazi mara ya kwanza
akiwa na miaka kumi na minne: sare ya shule,
sketi ya bluu, kiuno inchi ishirini na tatu.
Mama yake akasema, weka pindo refu, fundi,
mtoto huyu anarefuka kama mlonge.
Nikaweka. Pindo halikuwahi kufunguliwa.
Kidato cha pili aliirudisha sketi, imekunjwa vizuri.
"Kata tu, fundi. Itafaa viraka."

Siku hizi anabeba zege Kimara,
ndoo kichwani, ngazi ya mirunda, ghorofa ya tatu,
elfu kumi jioni, kama msimamizi hajatoroka.
Na jioni hiyohiyo, saruji bado imemkaukia miguuni,
anapita hapa Manzese mlangoni kwangu
kuomba mabaki.
Si ya kujazia mto.
Nyuma ya gereji ya Ngwali kuna gunia
linaning'inia kwenye mnyororo wa kushushia injini,
na gunia lile lina njaa kuliko yeye.

Basi nimelilisha:
satini ya harusi ya Chausiku, iliyodumu miezi minne,
vitenge vya kwaya, kola za walinzi,
gauni zima la mteja aliyehama bila kulipa,
na kile kipande cha bluu.
Sikumwambia. Nilikishindilia katikati kabisa,
akifikie mwenyewe kwa ngumi zake
mwaka wowote atakaokifikia.

Barazani wanasema yao.
Ngumi za nini kwa mtoto wa kike,
pua itapinda, ataposwa na nani.
Mguu wangu uko kwenye cherehani, sijibu.
Nasikia tu kutoka gereji: puh. Puh-puh. Puh.
Miaka kumi na tisa nimekaa mtaa huu
nikisikia wanawake wakipigwa nyuma ya kuta.
Sauti hii ni nyingine.

Wiki ya pambano hakula.
Kocha anaita kupunguza uzito;
kwao jambo hilo lina jina la zamani zaidi.
Alipopanda mizani akakutwa amepitiliza kupungua,
wakamnywesha maji, chupa baada ya chupa,
hadi mshale ukaridhia.

Bukta niliishona mimi, nyekundu, mkanda mpana.
Promota alitaka niandike CHUI WA MANZESE.
Sikudhani akakataa. "Andika jina langu.
Mama alinipa alipokwisha kata tamaa ya kuzaa.
Chui hana habari hiyo."

Sikwenda ukumbini. Umeme ulikuwa umerudi
na nilikuwa na oda ya shule, mashati arobaini.

Asubuhi akaja, jicho moja limefungwa
kama duka siku ya Idi.
"Vipi?"
"Pointi wamempa yule wa Tanga."
Akatandaza bukta juu ya meza yangu.
"Lakini fundi, raundi ya nne mshono wa nyuma uliachia.
Raundi mbili nimepigana mkono mmoja umeshika nguo."

Nikautazama ule mshono. Ni wangu.
Nilitamani anitukane.
Badala yake akacheka, akashika mbavu, akaacha kucheka.
Malipo amepewa nusu; nusu nyingine wiki ijayo,
ile wiki ijayo ya mapromota.
Nusu ya kwanza imekwisha kuwa dawa ya mama na mchele,
imebaki elfu mbili, akaniwekea.
Nikamrudishia. Akairudisha.
Tulisukumana nayo mpaka ikadondoka nyuma ya cherehani,
na hakuna aliyeinama.

"Simama wima," nikasema, nikavuta futi.
Ishirini na saba.
Mabega sikuyaandika, karatasi ilikuwa nyembamba.

Nikafumua, nikaanza upya, mishono mitatu,
kwa uzi ule mnene wa mafundi viatu.
Yeye mlangoni tayari, ndoo mkononi, gari la Kimara linapiga honi.
"Fundi," akasema bila kugeuka,
"acha pindo."